Kabla mkaguzi wa cheti cha nishati hajabisha hodi

England na Wales, nyumba haiuzwi wala haipangishwi bila cheti cha nishati, maarufu EPC. Nyumba hupewa alama, na alama huzaa herufi: A ni 92 kwenda juu, C ni 69 hadi 80, D 55 hadi 68, E 39 hadi 54, na G inashika mkia, 1 hadi 20. Cheti hudumu miaka 10. Tangu Aprili 2020, nyumba ya kupangisha yenye F au G imepigwa marufuku, labda mwenyewe awe amesajili msamaha.

Wengi huponzwa na kukosa ushahidi kuliko ubovu wa nyumba. Mkaguzi hatoboi ukuta wala hasomi bili zako. Asichokiona, na asichoonyeshwa karatasi yake, programu ya kukokotoa alama hukijaza kwa makisio ya umri wa jengo. Chukua nyumba ya miaka ya 1930 yenye ukuta wa matabaka mawili: uwazi wa katikati ulijazwa sufu ya kuzuia baridi, kisha matundu ya kuijazia yakafichwa chini ya plasta. Bila karatasi ya kazi ile, mara nyingi dhamana ya miaka 25 ya CIGA, shirika linalodhamini kazi za kujaza kuta, ukuta huandikwa mtupu, na alama hupotea bure. Basi weka mezani dhamana hiyo, risiti za madirisha ya vioo viwili zenye tarehe, na namba ya modeli ya boila, mtambo wa kupasha maji na nyumba joto.

Darini ndiko penye mengi. Ondoa masanduku, fungua mlango wake, ngazi iwe tayari, maana mkaguzi hupima unene wa sufu kwa futi kamba. Ukiwa umepigilia mbao juu yake, hana cha kupima. Kiwango kinachopendekezwa ni milimita 270, lakini faida kubwa iko kwenye milimita 100 za mwanzo. Anayetoka 200 kwenda 270 asitegemee kuruka herufi. Usiisukume sufu hadi ukingoni mwa paa: hewa ikikosa kupita, unyevu huganda kwenye mbao na kuziozesha. Wala usifunike taa zilizozama darini, zitapata joto kupita kiasi.

Tangi la maji moto livishwe koti la milimita 80, kazi ya nusu saa. Balbu zote ziwe LED, mkaguzi huzihesabu. Boila isiyo na kidhibiti joto cha chumbani hukatwa alama hata ikiwa mpya.

Kosa la gharama kubwa ni kung'oa boila ya gesi na kubandika hita za umeme ukutani kwa kuwa "hazipotezi kitu". Ni kweli hazipotezi, lakini alama hufuata gharama ya kupasha nyumba joto, na uniti ya umeme ni ghali mara kadhaa kuliko ya gesi. Pampu ya joto, mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kulileta ndani, ni habari nyingine, kwa sababu hutoa joto takribani mara tatu ya umeme inaokula.

Kabla ya kulipia cheti kipya, tafuta cha zamani kwa postikodi kwenye rejista ya serikali, ni bure. Kagua eneo la sakafu, umri wa jengo na aina ya ukuta. Ukikuta kosa, mwambie kwanza mkaguzi aliyekitoa. Akigoma, peleka lalamiko kwa chombo kilichomwidhinisha, jina lake limo kwenye cheti hicho hicho.