Kabla hujashuka Kerio na 53/39

Jumamosi iliyopita kijana mpya wa kundi letu alitufikia Iten, juu ya bonde la Kerio, na baiskeli ya mtumba iliyong'aa kuliko bibi harusi. Mbele sproketi mbili za meno 53 na 39 (53/39), nyuma kaseti, yaani rundo la sproketi, ya meno 11 hadi 25 (11-25). Yeye ndiye aliyesema tushuke mpaka daraja la Chebloch, kule chini mto Kerio unakopita, kisha turudi. Tukashuka. Saa mbili baadaye tulipitwa na pikapu ya maembe, baiskeli imelazwa juu ya magunia, na mwenyewe kakaa kando yake akitazama upande mwingine.

Sikucheka. Haya, nilicheka kidogo. Lakini huu ni mwaka wa nne namwona mgeni akilipanda bonde lile na gia za tambarare, na sisi wakubwa tunanyamaza eti "atajifunza". Basi leo nasema, wadogo zangu, na nitasema mara moja.

1. Anza kuhesabu kwenye gia nyepesi. Mkikutana mnaulizana gia nzito kabisa, kama watu wanaolinganisha misuli. Hiyo 53 kwa 11 utaipiga lini? Ukishuka Tambach vidole viko kwenye breki, pedali zimesimama. Hesabu ya maana ni hii: 39 gawa kwa 25 ni 1.56. Gurudumu la saizi 700 lenye tairi la milimita 25 husonga mita 2.1 hivi kila likizunguka, kwa hiyo pigo moja la pedali linakupeleka mita 3.3. Ukipanda kwa kilomita 9 kwa saa, na wengi wetu pale ndio mwendo wetu tukijisifu, unazungusha mara 46 tu kwa dakika. Hapo magoti ndiyo yanayolipa. Weka 34 mbele na 32 nyuma, mwendo uwe ule ule, utazungusha mara 67. Kutoka darajani mpaka Iten unapanda zaidi ya mita 1,000, na Iten yenyewe iko mita 2,400 hivi juu ya bahari, ambako hewa nayo inakudai. Ukiwa na shaka kati ya kaseti mbili, chukua pana, ile ambayo sproketi yake kubwa ina meno mengi zaidi.

2. Msiniletee habari za mabingwa, eti wao wanapanda na gia nzito. Wao wanapanda mlima kwa kasi ambayo nyinyi mnaitafuta kwenye tambarare ya Eldoret. Na hata hivyo, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa kibaiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alipowaacha wenzake kwenye mlima Mont Ventoux, katika Tour de France ya mwaka 2013, alikuwa amekaa kitini, miguu inazunguka kama cherehani. Hakuwa anakanyaga kama mtu anayesaga mahindi.

3. Kaseti haiji peke yake. Hapa naomba mnivumilie, maana hili linanihusu.

Miaka yangu ya kwanza nami nilikuwa na 39 kwa 25, nami nilishuka na kutembea. Nikaona aibu, nikaenda kununua kaseti ya 11-32. Fundi akaniuliza, "Na cheni?" Nikamjibu cheni ni nzuri, haina hata miezi miwili. Akauliza kuhusu direila, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni na kuikaza isilegee. Nikamwambia yeye afunge kaseti tu, mengine niachie mimi. Pesa ilikuwa imeisha, huo ndio ukweli, lakini sikutaka aujue. Direila yangu ilikuwa ya mkono mfupi, uwezo wake wa kumeza ulegevu wa cheni ni meno 29, yaani tofauti ya meno ya mbele ukijumlisha na ya nyuma. Sasa jumlisheni: mbele 53 toa 39 ni 14, nyuma 32 toa 11 ni 21, jumla 35. Na cheni ilikuwa imekatwa kwa ajili ya 25.

Kule chini mambo yalikwenda vizuri. Nilipita Biretwo, nikapita Tambach nikiwa kwenye 39, napiga pedali huku nawaonea huruma wenzangu. Barabara ilipolegea kidogo karibu na Kessup nikarudi kwenye 53 ili nionekane. Kisha mlima ukasimama tena. Sikushuka kwenye sproketi ndogo ya mbele, maana kulikuwa na watu wawili nyuma yangu na sikutaka wausikie mlio wa kujisalimisha. Nikabonyeza nyuma tu. Moja. Moja tena. Tena.

Cheni ilipoikalia ile 32 ikawa kama kamba ya mbuzi iliyofika mwisho wake. Direila ikavutwa mbele, hanga inayoishika ikakatika, mkono wote ukaingia kwenye spoki. Gurudumu likasimama, na mimi, viatu vimefungwa kwenye pedali, nikaanguka kiubavu taratibu, nikiwa na nafasi ya kutosha kuona ninakoangukia. Wale wawili walinipita wakiuliza kama ni pancha.

Nilikuwa nimekaa ukingoni na vipande mkononi alipotokea mzee mmoja akisukuma blakimamba yenye gunia la maembe. Akasimama, akaiangalia yangu kwa makini. "Hii ina gia ngapi?" Nikamwambia ishirini. Akatikisa kichwa polepole. "Yangu ina moja," akasema, akaendelea kupanda.

Direila, hanga, cheni, spoki tano na nauli ya matatu. Kwa pesa ile ningenunua vyote vilivyotakiwa tangu mwanzo na chenji ya chai.

Kwa hiyo: zungusha cheni mpya kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direila, pale ncha zinapokutana ongeza pingili mbili, kata hapo.

4. Usinunue 34 ya mbele kabla hujapima upana wa duara la mashimo ya bolti kwenye krenki, ile mikono ya pedali. Krenki za zamani za milimita 130 hazishuki chini ya 38. Za 110 ndizo zinazopokea 34.

5. Badilisha gia kabla ya kona, si ndani yake.

6. Mtasikia kwamba kaseti pana ina mapengo makubwa kati ya gia. Ni kweli, yanaudhi kwenye tambarare mkikimbia kwa kundi. Mlimani sijawahi kumsikia mtu akiyataja, labda kwa sababu hakuna aliyebaki na pumzi.

Yule wa pikapu ya maembe alinipigia simu jana jioni, furaha tele. Amepata kaseti ya 11-34 kwa bei nzuri. Nikamuuliza kuhusu cheni. "Hiyo iko sawa, kaka, ni mpya." Nimemwambia asiiguse baiskeli mpaka nifike, na leo jioni nitapitia kwake na kikata cheni changu.