Shangazi Anajibu: Ukungu ndani ya tanuri, maganda ya kamba jikoni

Shikamoo Shangazi. Tuko Columbus, Ohio, na hii ndiyo nyumba yetu ya kwanza kununua. Tangu tuwashe joto mwezi wa kumi, nyumba nzima inanuka kama nguo zilizokunjwa mbichi. Nimefungua tanuri la joto kule chini, ile mashine inayopasha nyumba nzima, nikakuta ile sufi ya kuzuia joto iliyobandikwa ndani ina madoa meusi. Mume wangu anataka kuipulizia jiki. Ni sawa?
Mama wa watatu

Marahaba mwanangu. Hapana, jiki iacheni. Sufi ya fibaglasi, yaani nyuzi za kioo, ikishaloa na kuota ukungu haisafishiki tena, maana ukungu umezama katikati ya nyuzi na dawa inaishia juu. Halafu feni ikiwaka, ule mvuke wa jiki unapelekwa hadi chumba cha watoto. Sufi hiyo itolewe, iwekwe mpya.

Ila kwanza tafuteni maji yanatoka wapi. Mimi nilikosea hapo. Nyumbani kwangu Minneapolis niliweka sufi mpya, nikashukuru, na kiangazi kilichofuata weusi ukarudi palepale. Ndipo nikachukua tochi nikamulika juu ya tanuri, pale kinapokaa kiyoyozi. Sinia la kukingia maji ya kiyoyozi lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na bomba lake la kutolea maji limezibwa na utelezi mzito kama mlenda. Maji yalikuwa yakidondokea kwenye sufi kiangazi chote, nami harufu naisikia tu joto linapowashwa. Nanyi kaanzieni hapo. Kama tanuri lina kifaa cha kuongeza unyevu, kagueni mipira yake ya maji pia.

Nyumba ikiwa imejengwa kabla ya 1980 na mkakuta kitu cheupe au cha kijivu kama plasta kimezungushiwa mabomba, msikiguse. Huenda ni asbesto, madini ya nyuzi yaliyotumika zamani kuzuia joto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Mwiteni mpimaji mwenye leseni.

Kama ni fibaglasi ya kawaida, zimeni umeme wa tanuri, fungeni gesi, mliache lipoe. Vaeni barakoa ya N95, miwani, glavu na mikono mirefu. Inyunyizieni sufi maji kidogo vumbi lisiruke, itoeni taratibu, iingie kwenye mfuko wa plastiki na mfuko ufungwe humohumo chini. Osheni bati la tanuri kwa sabuni, na likauke kabisa kabla ya kubandika. Nunueni sufi yenye uso wa karatasi ya alumini iliyotengenezwa kwa matanuri. Ile ya darini yenye karatasi ya kaki msiiweke, inashika moto. Upande wa vichomeo vya gesi mwachieni fundi, na mkiona weusi umeingia kwenye mabomba ya hewa, kazi yote ni yake. Mkimaliza, badilisheni na chujio la hewa.

Shangazi, kila Jumamosi nanunua kamba soko la samaki la Feri, na maganda yote natupa. Jirani ananiambia natupa utamu. Yanapikwaje?
Msomaji, Kigamboni

Jirani yako amesema kweli! Vichwa na maganda ni karibu nusu ya uzito uliolipia. Bibi yangu Bagamoyo alikuwa akiyakusanya kwenye bakuli huku anamenya, na mtoto aliyeyamwaga alikiona.

Yapike siku hiyohiyo, au yaweke kwenye friza. Yasuuze mara moja tu. Pasha mafuta vijiko viwili, tia maganda, kaanga mpaka yawe mekundu na yaanze kushika chini ya sufuria. Hapo vigandamize vichwa kwa mwiko, utaona mafuta ya rangi ya machungwa yanatoka. Utamu wote uko hapo, usiwe na haraka. Tia kitunguu, saumu, nyanya moja, kisha maji ya kufunika tu. Yachemke kwa moto mdogo dakika ishirini. Ukiyaacha saa nzima supu inakuwa chungu. Chuja kwa kifumbu, ukamue vizuri, maganda yanayokwaruza koo yasipite.

Ukipika wali wa nazi, weka supu hiyo badala ya tui la pili, umalizie na tui zito. Mgeni mwenye mzio wa kamba mpikie wali mwingine, kwa sufuria nyingine, maana supu hii inamdhuru hata kama haoni kamba kwenye sahani.