Jambazi wa Kigoma anataka kumtoa mdogo wake: tatizo si kiasi cha dhamana

Mleta uzi anaandika muswada wa filamu. Ndugu wawili, kaka akiwa na gobole, wanavamia kibanda cha wakala wa fedha pale Mwanga, Kigoma. Mdogo anakamatwa papo hapo, kaka anatoka na begi, halafu ana usiku mmoja wa kutafuta milioni ishirini za kumtolea mdogo wake dhamana. Ameuliza kama kiasi hicho kinaingia akilini, na kama kaka akimbilie ziwani au apande treni.

Mkuu, iwe milioni ishirini au mia mbili, ni mamoja. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana Tanzania. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeuweka kapu moja na mauaji na uhaini, kwa hiyo hakimu hawezi kumwachia mshtakiwa hata ukoo mzima ukijipanga nje na hati za viwanja. Hata kwa makosa yenye dhamana, huku hatuna zile ofisi za Marekani zinazomlipia mshtakiwa kisha zinamdai asilimia. Mdhamini wetu ni mtu. Anakuja na kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa, anasaini bondi kwamba mshtakiwa akitoroka yeye atalipa.

Kwa hiyo injini ya hadithi yako inakufa dakika ya kumi. Nakuomba usiifufue kwa kujifanya sheria haipo, maana mtazamaji wa Kigoma mwenye ndugu aliyewahi kulala mahabusu atakukamata palepale. Badilisha kitu ambacho kaka anakitafuta. Asitafute fedha, ahangaike na shtaka.

Kwenye dhamana, tofauti iko kwenye silaha. Mtu akiwa peke yake, akaiba kwa nguvu bila silaha, huo ni unyang'anyi wa kawaida, na dhamana inaombeka. Lakini akiwa na silaha ya hatari wakati wa kuiba au mara tu baada ya kuiba, akatumia nguvu au akatishia kuitumia ili apate mali au abaki nayo, huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, na adhabu yake haianzii chini ya miaka 30. Si lazima iwe bunduki. Panga linatosha, nondo inatosha. Wanaoandika filamu hufikiri mpaka risasi isikike.

Halafu kuna nia ya pamoja. Watu wawili wakikubaliana kufanya uhalifu, kila mmoja hubeba alichofanya mwenzake kama tokeo la mpango wao. Mdogo ambaye hakushika silaha anakabiliwa na miaka 30 ileile ya kaka aliyeshika gobole. Mlango pekee anaoweza kupita ni huu: hakujua. Kama kaka alilificha chini ya koti, na mdogo alijua wanakwenda kupora fedha mezani na kukimbia tu, hapo wakili ana la kusema. Na mtu mmoja tu duniani anaweza kulithibitisha hilo, naye ndiye anayekimbia. Hapo una filamu.

Sasa tukio lenyewe. Muswada unasema wanavamia saa kumi na mbili na nusu jioni, "giza likiingia". Hiyo ni saa ya Dar es Salaam. Kigoma iko mbali magharibi, jua linachelewa kwa takriban dakika arobaini, na saa hiyo bado lipo juu ya milima ya Kongo na maji yote yanang'aa. Ukitaka giza, subiri saa mbili kasoro. Mimi ningeiacha saa yako kama ilivyo na kulitumia hilo jua. Mahakama ya Rufani tangu 1980 imeweka vipimo vya shahidi wa kuona: alimtazama mtu kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwaje, kulikuwa na kitu cha kuziba macho, alimfahamu kabla au ndiyo mara ya kwanza. Wakala aliyeonyeshwa uso hatua tatu kutoka kwake, jua likipiga moja kwa moja, ni shahidi mzito. Usiku, chini ya taa ya sola, angebanwa aeleze taa ilikuwa na nguvu kiasi gani na ilining'inia wapi, na wengi huyumba hapo.

Kama kaka hafahamiki, polisi wataandaa gwaride la utambuzi watakapompata. Mtuhumiwa mmoja anapangwa na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, urefu na mwonekano. Gwaride huharibika kwa sababu ndogo sana: shahidi alishamwona mtuhumiwa kwenye korido, au hakutoa maelezo ya sura kabla, au mtuhumiwa peke yake hana viatu. Hilo la viatu lipigie picha. Mtu akiingizwa mahabusu anavuliwa mkanda na viatu pale kaunta. Wakimpanga na raia waliotoka barabarani, miguu inamsema.

Begi pia limekosewa. Noti yetu kubwa ni elfu kumi. Bunda la noti mia ni milioni moja, kwa hiyo milioni ishirini ni mabunda ishirini, yanaingia kwenye mfuko wa unga wa kilo mbili. Lile begi la michezo linalomlemea mwigizaji lingehitaji zaidi ya milioni mia. Na kibanda cha wakala kinaweza kuwa na fedha nyingi kwenye simu huku droo ina laki kadhaa tu. Hilo ni chungu, na ni kweli: ndugu wawili wanabeba hatari ya miaka 30 kwa laki sita.

Simu nayo. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole ilianza kufungwa. Kaka akimtumia mama elfu hamsini, jina la mwenye laini linafika pamoja na fedha. Mwandishi mzuri anamwacha mama aangalie ujumbe ule, ajue mwanawe yu hai, kisha akae nao usiku kucha akijiuliza aufute au asiufute.

Hapa nakuomba utulie kidogo na mama, maana kwenye muswada hana kazi zaidi ya kulia. Kwetu mwenye ndugu mahabusu ya polisi anapeleka chakula. Weka kamera juu ya kaunta: hotpoti inafunguliwa, askari anaugawa ugali kwa kijiko atazame katikati, anakoroga dagaa, kisha anamsogezea mama: "Onja kwanza, mama." Anaonja mbele ya watu. Anajifuta kidole kwenye khanga. Hakuna maneno mengine yanayohitajika. Kesho yake habari za mdogo zinamfikia kaka kupitia mikono ileile.

Kukimbia sasa. Ziwani una Kibirizi, boti zinazopanda kaskazini hadi Kagunga mpakani mwa Burundi. Usiandike kwamba ziwa usiku ni tupu. Siku za giza la mwezi wavuvi wa dagaa wako majini na taa, ukisimama mlimani unaona kama mji mwingine umejengwa juu ya maji, na kila taa ina watu wanaojuana kwa boti na kwa sauti. Mbalamwezi ikiwa pevu taa hazivuti dagaa, wavuvi wanabaki nchi kavu, na ufuko wote una macho. Chagua usiku mmoja kati ya hizo mbili na uufuate mpaka mwisho. Muswada wako una mwezi mpevu na taa za wavuvi katika onyesho moja.

Treni ni mtego, japo ni mtego mzuri kwa sinema. Reli hii iliyofika Kigoma 1914 ni njia moja tu: Kazuramimba, Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo, Tabora. Aliyeko ndani hana pa kuchepukia kabla ya tawi la Mpanda pale Kaliua, na taarifa ya simu inamtangulia. Kama kaka amejeruhiwa, mambo yanazidi kubana, kwa sababu jeraha la risasi au panga hospitalini linaulizwa fomu ya PF3, na PF3 inatoka polisi.

Wengine hapa wamekushauri kaka ateke karandinga, lile gari la kubeba mahabusu. Mwenye kesi isiyo na dhamana hutoka gerezani kwa ratiba: kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, inaahirishwa siku kumi na nne, anarudishwa. Kama saa ya hadithi, hiyo ni bora kuliko usiku mmoja, kwa kuwa kila wiki mbili kaka anaweza kumwona mdogo wake kwa dakika mbili, kutoka kwenye gari hadi mlango wa mahakama. Kuteka gari lenyewe kunaua hadithi. Kumtorosha aliye chini ya ulinzi halali ni kosa jipya, na mdogo ambaye pengine angeshinda kesi anageuka mtoro. Kumbuka pia kwamba sheria haimshtaki mke kwa kumficha mumewe mkosaji. Ndugu hana msamaha huo. Kila anayemlaza kaka kwake usiku mmoja anajiweka mashakani, na hilo mwonyeshe shemeji akilijua.

Umegusia kwamba mdogo ana ulemavu wa akili, kisha ukaliacha. Usiliache. Mahakama ikiona dalili, inaweza kuamuru apelekwe hospitali ya akili ya Isanga, Dodoma, achunguzwe, na taarifa ya daktari inatakiwa ndani ya siku 42. Safari hiyo ina njia mbili za barabara: kupitia Uvinza na Tabora, au kupanda Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi, kisha Kahama na Singida. Kaka amekaa chini ya mwembe Tabora tangu alfajiri, gari limepita Nyakanazi. Hilo lina uzito kuliko risasi zote za ukurasa wa 60.

Baada ya hapo ajisalimishe. Kwa sheria hana kitu kingine cha kumpa mdogo wake. Akikiri na kuhukumiwa, anaweza kusimama shahidi wa utetezi wa mdogo wake. Mdogo hahitaji kuthibitisha kila kitu. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka; kwake shaka ya msingi inatosha.

Onyesho la kujisalimisha liandike kwa saa. Polisi wana saa nne za kumhoji tangu awekwe chini ya ulinzi, wanaweza kuongezewa saa nyingine zisizozidi nane, na muda wa kumsafirisha hauhesabiwi. Maelezo ya onyo, yale anayoandikisha mtuhumiwa baada ya kuonywa, yakichukuliwa nje ya muda huo wakili huyapinga, na yanaweza kutupwa. Kwa hiyo kaka anaingia kaunta, anaweka gobole sakafuni, anataja jina lake na la mdogo wake, na kabla hajavuliwa mkanda anamwomba askari aandike kitabuni saa aliyofika. Siku zote tangu mwanzo amekuwa akiombea maelezo ya mdogo wake yatupwe. Haya ya kwake anataka yasimame.

Mdogo akishindwa hata hivyo, notisi ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya 45. Zamani ingekwenda Tabora. Siku hizi Mahakama Kuu ipo Kigoma, mama anaweza kufika kwa daladala.