Cheti cha elektrodi kwa tanki la baridi kali

Ndugu yangu, umeuliza kama cheti cha elektrodi (fimbo za kuchomelea) ulichopewa na muuzaji hapo Moshi kinatosha, maana mteja anataka mshono wa tanki uhimili kugongwa kwa juli 27 (kipimo cha nishati) kwenye nyuzi -45 za Selsiasi. Hakitoshi. Umesema pakiti imeandikwa E7018. Kwa kiwango cha Marekani cha AWS A5.1, alama hiyo hupimwa kwenye nyuzi -30 tu. Unayoitafuta ni E7018-1. Hiyo 1 ya mwisho ndiyo inayobeba nyuzi -45, na mafundi wengi hawaioni. E6013 usiiguse kabisa kwa kazi hii, haina sharti lolote la kupimwa kwa kugongwa.

Tazama pia aina ya cheti. Kwa EN 10204, kiwango cha Ulaya cha vyeti vya bidhaa za chuma, cha 2.2 hakitokani na mzigo ulionunua, cha 3.1 hutokana na mzigo huo wenyewe. Dai cha 3.1, ulinganishe namba ya mzigo iliyo kwenye cheti na ya kwenye pakiti. Zikitofautiana, rudisha mzigo.

Lakini nakuomba sana, usiishie kwenye karatasi. Kiwandani walipozipima elektrodi walichomelea kwa ampea na mwendo wao. Wewe ukiyumbisha mkono na kutanua mshono, joto linazidi na chuma kinakuwa chepesi kupasuka kwenye baridi. Chomelea bamba la majaribio kwa chuma kilekile na fundi yuleyule, kisha vipande vikapimwe kwa Charpy, yaani kipimo cha kugonga kipande chenye mkato kwa nyundo, kwenye -45: vya mshono wenyewe na vya pembeni palipoungua. Fanya hivyo kabla hujakata bamba la kwanza la tanki.