Barua kwa mwanangu: wiki yako ya Tanga kabla ya Hamburg

Mwanangu kipenzi,

Hatujambo hapa nyumbani, tunamshukuru Mungu. Kifua cha baba yako kimetulia tangu mvua zikatike. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mchana, jioni nikaurudia ili naye asikie. Unasema utakuwa na siku saba tu za kukaa Tanga kabla ya kurudi Dar kupanda ndege ya Hamburg, na watu ni wengi. Unauliza nani lazima umfuate kwake, nani anatosha kupigiwa simu, na kwa nini usiondoke kimyakimya kama walivyofanya wenzako wawili, watu wakaja kushtukia picha za Ulaya.

Nianze na hilo la kimyakimya, maana ndilo lililonigusa. Ninaelewa kwa nini wenzako walifanya hivyo. Viza ikikataliwa na mtaa mzima unajua, maneno hayaishi, na wengine wanaogopa kijicho. Ndiyo maana ulipokuwa unasoma Kijerumani pale Upanga, na baadaye ulipokwenda ubalozini, sikumwambia hata dada yangu. Sasa viza imo ndani ya pasipoti, mkataba wa mafunzo umesainiwa, tiketi imelipwa. Siri imekwisha kazi yake. Ukiondoka bila kuaga, wa kujibu maswali ni mimi sokoni na baba yako msikitini, na shangazi yako atakuwa amesikia safari ya mtoto wa kaka yake kutoka kwa muuza mchicha. Hilo hatalisahau, na mimi sitakuwa na la kumjibu.

Kuhusu nani na nani, kipimo changu ni kimoja. Mfuate yule ambaye simu haimfikii sawasawa, na yule ambaye huenda usimkute ukirudi. Mafunzo yako ya uuguzi ni miaka 3, na kwa posho ya mwanafunzi sioni ukikata tiketi ya kuja likizo mwaka wa kwanza. Binamu zako wa Dar na rafiki zako mnaonana kwenye simu kila siku, na mtaendelea kuonana. Tena saa zenu na zetu hazipishani sana: ukifika Agosti sisi tutakuwa mbele kwa saa moja, na kuanzia mwisho wa Oktoba saa mbili. Hao hujawapoteza. Wazee ndio ambao safari yako inawaondolea mtu.

Kwa hiyo Bweni kwanza, kabla ya kwingine kote. Bibi yako hasikii vizuri siku hizi. Ukimpigia, simu anaishika mbali na uso kama kioo, anapaza sauti, halafu anampa mtoto wa jirani amweleze ulichosema. Nenda Pangani asubuhi, vuka kivuko, ulale kwake. Nasisitiza kulala. Mjomba wako alipokwenda Muscat, wiki yake ya mwisho nyumba hii ilikuwa kama kituo cha mabasi. Leo anaitwa chakula huku, kesho kule, marafiki wanampokezana mpaka usiku wa manane. Bweni alifika alasiri ya siku ya mwisho, akanywa maji amesimama, akaogopa kuachwa na kivuko, akarudi. Bibi alikuwa amemchinjia jogoo. Nyama ile ilibaki chunguni na jioni ikagawiwa kwa majirani. Mjomba ni mtoto mwema, hupiga simu kila Ijumaa, na bati zote unazoziona pale Bweni ni fedha yake. Lakini bibi akimtaja, haanzi na bati. Anaanza na jogoo.

Wewe kaa. Msaidie kukuna nazi, mle, mlale chumba kimoja. Alfajiri atakuamsha, atakuweka mkono kichwani na kukuombea, na hatakuwa na haraka. Usiangalie saa. Atakuuliza mara nyingi huko unakokwenda watu wanakula nini, mjibu kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Atataka pia kukufungashia, na hapa inabidi ujue mapema cha kupokea ili usije ukavunjwa moyo uwanja wa ndege wa wenyewe. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria anayetoka huku kuingia na nyama wala maziwa, hata kidogo. Samaki wanaruhusiwa, mwisho kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo dagaa wake wakavu wapokee kwa mikono miwili. Asali mwisho kilo 2. Matunda yanayopita bila cheti cha afya ya mimea ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani peke yake. Maembe na machungwa ya Muheza yataliwa hapa hapa, mwambie shangazi yako wa Muheza asihangaike na gunia. Binzari, hiliki na pilipili manga nitakusagia mwenyewe na kuzifunga vizuri. Makoti usinunue Dar kwa bei ile. Utafika majira ya joto, utakuwa na muda wa kununua huko kabla ya Novemba, na wenyeji watakuonyesha mitumba yao iko wapi.

Baada ya Bweni ni Lushoto, kwa baba yako mkubwa. Ni mbali, na kutoka Mombo kupanda kona zile utachoka, lakini upande wa baba hauagwi kwa simu. Hapo unaweza kulala usiku mmoja na kushuka. Atakuhadithia jinsi Wajerumani walivyouita mji ule Wilhelmstal. Umeshaisikia hadithi hiyo, isikilize tena. Safari hii atakuwa anamhadithia mtu anayekwenda kuishi kwao, naye amelingojea hilo. Mwambie pia kuhusu Eckernförde, mji ndugu wa Tanga, kwamba uko kaskazini ya Hamburg kama kilomita 100 tu na utakwenda. Nenda kweli, upige picha uwatumie watoto wa shule yetu yenye jina hilo.

Hapa mjini alasiri moja inatosha, kwa miguu, kuanzia Ngamiani. Mwalimu wako wa madrasa kwanza. Halafu yule mama muuguzi aliyestaafu hospitali ya Bombo, aliyekuwa akikuruhusu ushike kipimajoto chake ukiwa darasa la 3 na kukuambia utakuwa muuguzi. Kwake usikae mlangoni. Macho yake yamepungua nguvu, mkaribie akuone. Majirani wengine ni salamu na dua, dakika chache kila nyumba. Chakula usikikatae wala usishibe nyumba ya kwanza.

Suala la sherehe. Najua rafiki zako wameanza kutaja kamati na michango. Nawashukuru kwa upendo, lakini mimi sitaki. Watu mwezi huu wameshachangia harusi na misiba, na mchango wa kumsafirisha mtu ambaye tiketi yake imeshalipwa unawabana watu ambao hawawezi kusema hapana. Tutafanya dua hapa nyumbani Alhamisi baada ya alasiri, halua, kahawa na pilau la sufuria moja kubwa. Atakayekuja karibu. Ukitaka jioni yako na rafiki zako, nendeni Raskazone mkae ufukweni, kila mtu alipie soda yake. Watakaokupa bahasha pokea, andika jina na kiasi kwenye daftari, maana wao pia wana watoto, na siku ya shughuli zao mimi ndiye nitakayerudisha. Watakaosema "usinisahau, nitumie simu" au "nivute na mimi", waambie ukweli kwa upole kwamba unakwenda kuwa mwanafunzi. Usiahidi kitu. Ahadi unayoitoa kwa haraka mlangoni hapa kwetu huhesabiwa, na mwaka ukipita ni deni.

Na madeni yenyewe yamalize kabla hujapanda basi la kuja. Ule mchezo wenu wa kupeana fedha kwa zamu pale Dar, kama zamu yako umeshaipokea na bado kuna wanaokusubiri uwalipe, walipe wote mapema au muachie mwenye mchezo fedha kamili mbele ya shahidi. Cherehani ya mwenzako uliyokaa nayo, irudishe. Mtu akifa au akisafiri, kitu kidogo kama hicho ndicho kinachotajwa. Halafu omba radhi. Yupo mama yako mdogo ambaye tangu ule msiba hamsalimiani vizuri. Sikuulizi nani alianza. Nenda kwake, ingia ndani, sema "mama mdogo, nasafiri, nisamehe nami nimekusamehe." Hata kama yeye hatajibu vizuri, umeshasema, na utapanda ndege moyo wako ukiwa mwepesi. Hilo naliomba kuliko yote niliyoandika humu.

Jambo la hati. Kadi yako ya kliniki ninayo, imo kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Imechakaa pembeni lakini muhuri wa chanjo ya surua ya miezi 9 unasomeka. Ujerumani tangu Machi 2020 sheria inataka anayefanya kazi hospitalini awe na uthibitisho wa kinga ya surua, na kwa chanjo maana yake ni dozi mbili. Kadi yako ina moja. Kwa hiyo ukiwa bado Dar nenda ukaulize kuhusu dozi ya pili na upewe karatasi yenye tarehe na muhuri. Usiiache hadi wiki ya Tanga, haitakuwa na nafasi. Kadi, vyeti na mkataba vikae kwenye mkoba wa mkononi, visiingie kwenye begi la chini.

Siku ya mwisho kabla ya kurudi Dar ni yetu. Nimeshawaambia watu kwamba siku hiyo haupo. Sitapika cha ajabu, nitapika maharage ya nazi na wali, kama siku yoyote. Baba yako hajasema lolote kuhusu safari hii tangu viza itoke, unamjua. Lakini juzi alirudi kutoka mjini na kufuli mbili ndogo za begi, akazijaribu funguo zake moja baada ya nyingine, akazipaka mafuta ya cherehani, akaziweka juu ya kabati. Jana nilimkuta amezishusha anazijaribu tena. Siku hiyo kaa naye barazani. Muulize habari za kazi yake ya mkonge alipokuwa kijana, hapo hufunguka. Usimwambie kuhusu kufuli kwamba nimekuambia.

Nijibu leo au kesho tarehe kamili utakayofika, ili nimtume kijana anayevuka kila siku akampelekee bibi habari, ajue siku ya kukutarajia na mimi nijue utarudi lini. Na uniambie unapanda basi la saa ngapi pale Mbezi. Baba yako anataka kukupokea stendi ya Kange mwenyewe, na hapendi kufika amechelewa.

Mama yako