Mkono uongoze, kompyuta ifuate

Wapigaji ngoma wengi wanaotaka kupanda jukwaani na kompyuta huanza kwa kununua pedi za umeme na lundo la sauti zilizorekodiwa na wengine. Ushauri wangu ni kuanza na ngoma uliyonayo, maikrofoni moja, na swali hili: mkono ukigusa ngozi, mashine inajibu baada ya muda gani?

Hakuna kinachoharibu mdundo kama kuchelewa huko. Kompyuta huikusanya sauti kwanza kwenye bafa, yaani hifadhi ndogo ya muda, ndipo iichakate. Ukiweka bafa ya sampuli 512 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti), kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, kila fungu huchukua karibu milisekunde 12, na sauti husubiri hivyo inapoingia na tena inapotoka. Jumla ni kama milisekunde 23. Ndani ya muda huo sauti hewani husafiri takriban mita 8, kwa hiyo ni kama unapiga ngoma iliyo upande wa pili wa ukumbi. Mpiga kinanda anayeshikilia nota ndefu atavumilia. Wewe hutaweza: mwili huanza kuusubiri mlio, na kasi ya wimbo hushuka taratibu. Teremsha bafa hadi 128, au 64 ikiwezekana. Sauti ikianza kukatikakatika, ipunguzie programu kazi badala ya kupandisha bafa.

Ukitaka kila pigo liamshe sauti nyingine, utahitaji sensa ya piezo, kile kisahani chembamba kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Itakusumbua kwa njia mbili. Ngoma ya jirani ikipigwa, nayo inaitika. Hapo pandisha kizingiti, yaani nguvu ya chini kabisa ambayo programu huihesabu kuwa pigo. Tena pigo moja linaweza kuhesabiwa mara mbili kwa sababu ngozi bado inatikisika, basi iambie programu iwe kiziwi kwa milisekunde 30 hivi baada ya kila pigo. Usizidishe sana, maana mikono miwili ikiviringisha mipigo 15 kwa sekunde, kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 67 tu.

Hata hivyo, mimi sikuridhika na njia hiyo peke yake. Katika MIDI, mfumo wa vyombo vya muziki na kompyuta kuwasiliana uliotoka mwaka 1983, nguvu ya pigo hupewa namba isiyozidi 127. Namba hiyo haijui kama umepiga kofi pembeni, umefungua kiganja katikati, au umebonyeza ngozi kwa kisigino cha mkono. Na huko ndiko ufundi wetu wote uliko! Ndiyo maana napenda kuipa kompyuta sauti ya ngoma yenyewe: irefushe mlio wa kofi moja, iushushe chini, iurudishe baadaye ukiwa umevunjwavunjwa. Kidole kikikwaruza ngozi taratibu, spika zinajaa mngurumo ambao bado ni wa ngoma yangu. Pure Data, programu ya bure iliyoanzishwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990, inatosha kabisa kwa kazi hii. Itakuchosha mwanzoni, lakini utajua kila uzi wa chombo chako.

Jukwaani, badilisha mipangilio kwa kanyagio la mguu. Kipanya kinakunyang'anya mkono. Zima intaneti na arifa zote. Maikrofoni ikikaa karibu na spika itapiga yowe, hivyo kwenye kumbi zenye kelele tumia maikrofoni ya kubandika kwenye mwili wa ngoma.

Na kila wimbo unaoutunga, ufanyie mazoezi pia kompyuta ikiwa imezimwa. Sehemu isiyosimama bila mashine, irudie kuitunga upya kwa mikono kabla hujaunganisha waya wowote.