Jibu: Vijana wa kujitolea wanakariri, wageni wanaondoka

Dada wa Bagamoyo, nimekuelewa: vijana wako wanasoma maelezo ya ukutani kama kasuku, wageni wa nyumba yako ya sanaa wanapiga picha mbili na kuondoka.

Wanyang'anye karatasi. Kila mmoja achague kazi nne tu za sanaa, azijue barabara. Mbele ya picha anyamaze kwanza, mgeni atazame, kisha aulize: "Unaona nini hapa?" na "Kipi kimekufanya useme hivyo?" Maelezo yafuate hapo. Kwa picha za mtindo wa Tingatinga, mgeni akishasifu ule mng'ao, ndipo aambiwe kwamba Edward Tingatinga, aliyefariki 1972, alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Utaona watu wanainama kutazama upya. (Kugusa marufuku, jasho la mkono linaharibu.)

Wajaribie kwa watoto wa shule. Wale hawavumilii porojo. Wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo, nao waombeni wawafundishe kutoa sauti na kusimama bila kuwapa wageni mgongo.

Nauli na chai wape, tafadhali. Wakianza kuwatembeza watalii hadi magofu ya Kaole kwa malipo, hiyo ni kazi ya leseni. Ulizia Wizara ya Maliasili na Utalii kabla.